Damu, Kaa na Kinyama: Historia ya Kiashiria cha Saratani ya Matiti na Maneno Yake

Maneno "kupima damu" yana historia fupi katika Kiswahili, lakini ni historia nzito, na uzito wake wahisika sana katika nchi iliyo kusini na magharibi ya Ziwa Victoria. Katoro, mji wa biashara na machimbo ya dhahabu ulioko magharibi ya Geita, umo katika nchi hiyo. Hapo hukutana Msukuma, Mzinza, Mha, Mhaya na wageni wa kila upande waliofuata dhahabu, na lugha yao ya sokoni na ya zahanati ni Kiswahili. Mwanamke wa mji huo mwenye uvimbe katika titi akisikia habari ya kupimwa damu, anachokisikia si lazima kiwe kile alichokusudia mganga. Sababu moja imo katika historia ya maneno, na nyingine imo katika historia ya sayansi. Nazo historia hizi mbili hazikwenda mwendo mmoja.

Katika zahanati za zamani, damu ilitolewa kidoleni, ikapakwa juu ya kioo, ikatazamwa kwa hadubini ili vijidudu vya malaria vionekane. Kupimwa damu kulikuwa jambo la kawaida lisilo na aibu. Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI katika Tanzania walitambuliwa Kagera, mkoa unaopakana na Geita ya leo. Katika miaka iliyofuata maneno yaleyale yakabadilika uzito. "Kupima damu", hata "kupima" peke yake bila kutajwa kinachopimwa, ikawa ndiyo kutafuta virusi vya UKIMWI. Wachumba walitakiwa wapime kabla ya ndoa, na aliyeonekana akitoka kupima aliulizwa maswali kwa macho. Maana ilifinyika, kama maana za maneno zifinyikavyo katika kila lugha, ila hapa ilifinyika kwa msiba.

Tena kuna "kansa ya damu", jina ambalo watu wameupa ugonjwa mwingine kabisa, ule wa chembe nyeupe za damu. Basi mtu aambiwapo kwamba damu yake itatafutwa alama za kansa, ana njia mbili za kukosea kabla hajaifikia ile iliyo sawa: adhani anashukiwa kuwa na UKIMWI, au adhani titi limekwisha sahauliwa na sasa inasemwa kansa ya damu.

Jina lenyewe la ugonjwa limesafiri mbali. Wayunani wa zama za Hippocrates waliuita kwa jina la kaa, yule mnyama wa pwani mwenye magando. Galen, tabibu wa karne ya 2, alieleza kwamba mishipa iliyovimba kuuzunguka uvimbe wa titi hufanana na miguu ya kaa iliyotandazwa pande zote. Na yafaa kukumbukwa kwamba ni titi alilokuwa akilitazama. Walatini walilifasiri jina hilo kwa neno lao la kaa, Waarabu kwa lao, yaani saratani. Kutoka kwa Waarabu neno likafika pwani ya Afrika Mashariki, ambako wataalamu wa falaki hulijua pia kuwa ni jina la buruji ya nne. Kiingereza nacho kikaleta kansa, neno ambalo chimbuko lake ni kaa wa Walatini. Hivyo Kiswahili kina makaa wawili, na hakuna msemaji anayemwona hata mmoja wao. Pengine ni heri. Kama wafasiri wangalifuata desturi ya wenzao na kusema "ugonjwa wa kaa", nusu ya wasikilizaji wangalifikiri ni kaa la moto.

Kabla ya majina haya kuenea bara, kidonda kibaya kisichopona kiliitwa donda ndugu, na wako wanaokiita hivyo hata sasa. Jina hili ni la ndani ya lugha na lina nguvu yake, lakini lina hasara moja kubwa: laanzia mahali ambapo ngozi imekwisha pasuka. Uvimbe mdogo usiouma haumo ndani yake. Na katika Tanzania wanawake walio wengi wenye saratani ya matiti hufika hospitali ugonjwa ukiwa umekwisha kuenea.

Wazo la kuutafuta uvimbe katika maji ya mwili, bila kuugusa wenyewe, lilianza London. Mwaka 1845 Henry Bence Jones aliletewa mkojo wa mtu aliyekuwa mgonjwa wa mifupa, akaona ndani yake protini isiyo ya kawaida: iliganda kwa joto la kadiri, na mkojo ulipochemka ikayeyuka. Ugonjwa ule ulikuwa saratani ya uboho. Baada ya hapo mambo yalikwenda polepole kwa zaidi ya miaka 100. Mwaka 1965 Phil Gold na Samuel Freedman wa Montreal walieleza protini inayopatikana katika saratani ya utumbo na katika kiumbe kilicho bado tumboni mwa mama. Mwaka 1975 Georges Köhler na César Milstein, huko Cambridge, walipata njia ya kutengeneza kingamwili za aina moja tu kwa wingi, kila aina ikishika kitu chake kimoja. Ndipo mlango ulipofunguka.

Kiashiria cha saratani ya matiti kijulikanacho kuliko vyote, CA 15-3, ni mtoto wa ugunduzi huo. Hutambuliwa kwa kingamwili mbili, 115D8 na DF3, na mwenye kupenda nasaba za majina ataona nambari za wazazi katika jina la mtoto. Kinachoshikwa ni kipande cha protini iitwayo MUC1, ambayo hukaa juu ya chembe za ndani ya titi na, ugonjwa uzidipo, humwagika katika damu.

Lakini humwagika lini, na kwa sababu gani? Wagonjwa wengi ambao uvimbe wao ni mdogo bado, yaani wale hasa ambao wangefaidika kwa kujulikana mapema, damu yao huonekana kuwa sawa. Tena kiasi cha protini hiyo huweza kupanda kwa ugonjwa wa ini au kwa uvimbe wa titi usio saratani. Ndiyo sababu kipimo hiki hakikukubaliwa kuwa cha kuugundua ugonjwa. Kazi yake ni kumfuata mgonjwa ambaye saratani yake imekwisha thibitishwa na kuenea, ili ijulikane kama dawa inafanya kazi, nacho husomwa pamoja na picha na hali ya mgonjwa mwenyewe. Vipimo vipya zaidi hutafuta vipande vya vinasaba vya uvimbe vielevyo katika damu. Mwaka 2019 Marekani ilikubali kimoja cha namna hiyo, cha kutafuta mabadiliko ya jeni PIK3CA ili dawa ichaguliwe. Na hicho nacho kisipoona kitu, sharti daktari arudi kwenye nyama ya uvimbe.

Sasa kitu hiki kiitweje? "Dalili" imekwisha kuchukuliwa na maumivu, homa na mambo mengine ambayo mgonjwa huyahisi mwenyewe. "Alama" ina ubaya wa kudumu: ni chapa, ni chanjo usoni, ni maksi za mtihani, aliyepewa alama amekwisha kuhukumiwa. "Kiashiria" ni bora, kwa kuwa kuashiria ni kuelekeza kidole tu, na kidole huweza kuelekea pasipo na kitu. Mchimbaji wa Katoro halihitaji somo hili. Husaga kipande cha jiwe, akakiosha katika karai, akatazama chembe zinazosalia chini. Chembe zikiwapo atachimba kwa moyo, lakini hawezi kusema ukubwa wa mwamba kwa kulitazama karai. Na karai tupu halimwambii kwamba mlima wote ni mtupu.

Kinachosema kwa hakika kama uvimbe ni saratani ni kipande cha uvimbe wenyewe kilichotazamwa kwa hadubini. Kutoka Katoro safari ya matibabu hayo aghalabu huelekea Mwanza, ambako hospitali ya Bugando ilifunguliwa mwaka 1971. Kwa miaka mingi safari hiyo ilingoja kivuko cha Kigongo na Busisi. Tangu Juni 2025 magari hupita juu ya daraja. Lakini safari huamuliwa nyumbani, na nyumbani huja swali: kwa nini wasipime damu tu, waache kukata? Swali hilo ni la mtu mwenye akili. Kama damu huonyesha malaria na virusi, kwa nini isionyeshe na hili? Anayelijibu vibaya humpa mwanamke miezi ya kungoja karatasi ya maabara ambayo, hata ikija safi, haimwachilii.

Na jibu lenyewe lina mtego wa lugha. Waganga na wagonjwa wamejitungia neno zuri, kinyama, yaani kipande kidogo cha nyama, na husema "kukata kinyama". Neno ni fupi, ni la wenyewe, nalo lastahili kuingizwa katika kamusi kwa maana hiyo. Ila kitenzi kikiwekwa katika kauli ya kutendwa, mgonjwa huambiwa "utakatwa kinyama", na hayo ni maneno ambayo magazeti huyatumia kwa watu waliouawa kikatili. Bora isemwe "kuchukua kinyama". Mganga akiongeza kwamba damu inayotolewa siku hiyo ni ya kutazama nguvu za mwili kabla ya matibabu, wala haitafuti jambo jingine la siri, atakuwa ameyagusa maana yote matatu yaliyojificha katika sentensi moja ya zahanati.