Istilahi za mfumo wa limfu na kinga ya mwili

Istilahi za mfumo wa limfu na kinga ya mwili ni maneno yanayotumika katika tiba na biolojia kutaja viungo, chembe na magonjwa ya mfumo unaorudisha majimaji kwenye damu na kuukinga mwili dhidi ya vimelea. Mengi yametoholewa kutoka Kilatini na Kigiriki, lakini Kiswahili kina pia maneno yake ya zamani, na maana zake hazilingani daima na zile za vitabuni.

Limfu na mishipa yake

Neno limfu linatokana na Kilatini lympha, yaani maji. Ni majimaji yanayovuja kutoka mishipa midogo sana ya damu, yakapita kati ya chembe za mwili na kukusanywa na mishipa ya limfu, ambayo huyarudisha katika vena kubwa karibu na shingo. Mfumo huu hauna pampu kama moyo. Limfu husukumwa hasa na misuli mtu anapotembea na kupumua, na vali huizuia isirudi nyuma.

Njia hizo zikiharibika, majimaji hubaki na kiungo huvimba. Hali hiyo huitwa limfedema. Matende ni aina moja tu ya limfedema: husababishwa na minyoo ya filaria inayoenezwa na mbu, na umejulikana tangu zamani katika pwani ya Kenya na Tanzania. Minyoo hiyohiyo huweza kuleta busha kwa wanaume. Lakini mkono uliovimba baada ya upasuaji wa kansa ya titi si matende, ingawa nao una limfedema.

Tezi, mtoki na findo

Tezi za limfu ni vinundu vidogo, mamia kadhaa mwilini, vinavyochuja limfu. Kwa ukali wa sayansi si tezi, kwa maana hazitengenezi homoni wala mate. Ndiyo sababu vitabu vingine huziita nodi za limfu. Anayesema "tezi" bila kukamilisha anaweza kueleweka kuwa anataja tezi dume, au hata rovu.

Mtoki ni tezi ya limfu iliyovimba, hasa kinenani. Mwenye kidonda mguuni hupata mtoki, nao kwa kawaida hupungua kidonda kikipona. Neno hili hutumika pia katika tauni ya mitoki, ambayo ilizuka wilayani Lushoto, Tanzania, mwaka 1980. Huko mtoki hauanzi na kidonda cha kawaida bali na kuumwa na kiroboto mwenye bakteria, na huambatana na homa kali. Tezi za shingoni zilizovimba kwa wiki kadhaa bila maumivu huhitaji kuchunguzwa hospitalini, kwa sababu kifua kikuu, licha ya jina lake, hushambulia tezi pia.

Mafindo ya kooni na wengu, ambao wengi huuita bandama, ni viungo vya mfumo huohuo. Kuvimba kwa wengu, jambo la kawaida penye malaria nyingi, kitaalamu ni splenomegali.

Kiishio -oma huashiria uvimbe. Limfoma ni kansa ya chembe za limfu, lakini lipoma ni uvimbe wa mafuta usio kansa, hivyo kiishio peke yake hakitoshi kumtisha mtu. Limfoma ya Burkitt ina jina la daktari Denis Burkitt, aliyeieleza mwaka 1958 kutokana na watoto aliowatibu Uganda.

Kinga, kingamwili na chanjo

Kukinga ni kuzuia kisipite, na kinga ni uwezo wa mwili wa kuzuia maradhi. Kingamwili ni kitu kingine: ni protini inayotengenezwa ili kunasa kimelea fulani. Sehemu ya kimelea inayonaswa huitwa antijeni.

Kuchanganya maneno haya mawili kuna madhara. Vipimo vingi vya VVU hutafuta kingamwili. Aliyekutwa nazo hajapata kinga dhidi ya virusi. Ameambukizwa, kwa kuwa kingamwili hizo hushindwa kuviondoa. Kwa mtoto mchanga hali ni tofauti tena. Kingamwili za mama hupita katika kondo la nyuma na huweza kubaki kwa mtoto hadi miezi 18, hata kama hakuambukizwa. Kwa hiyo mtoto wa umri huo hupimwa virusi vyenyewe. Mama asiyeelezwa tofauti hii anaweza kudhani mwanawe ameambukizwa kumbe sivyo.

Limfosaiti ni chembe nyeupe za damu za aina kuu mbili. T ni herufi ya kwanza ya jina la tezi ya thaimasi, iliyo nyuma ya mfupa wa kifua, ambamo chembe T hukomaa. Wanafunzi wengi hufundishwa kwamba B husimamia uboho wa mifupa. Kwa kweli ilitokana na bursa, kifuko cha ndege ambamo chembe hizo ziligunduliwa. Kwa binadamu, asiye na bursa, huanzia katika uboho. CD4 ni alama iliyo juu ya baadhi ya chembe T, zile zinazoharibiwa na VVU.

Chanjo linatokana na kuchanja, yaani kukata ngozi kidogo, kama ilivyofanywa kuzuia ndui. Jina limebaki hata kwa chanjo ya polio inayodondoshwa mdomoni.