Kuvuka si kuvusha

Kitenzi "vuka" kimetuzalia "kivuko", neno linalotaja mahali pa kuvukia na pia chombo kinachovusha, kama vile vivuko vya Kigamboni. Gari linaloingia mtoni ni kivuko kwa maana hiyo ya pili, kwa hiyo liandaliwe kama chombo.

Maji hayashindiliki kama hewa: yakiingia kwenye silinda, fimbo ya pistoni hupinda na injini hufa. Ndiyo maana bomba la kuvutia hewa hupandishwa hadi usawa wa paa. Lakini bomba hilo huilinda injini peke yake. Difu na giaboksi nazo hupumua, hivyo mipira yake ya kupumulia irefushwe. Ukishavuka, kagua oili. Ikiwa nyeupe kama maziwa, maji yameingia.

Wahenga walisema, maji usiyoyafika hujui wingi wake. Shuka, pima kina kwa fimbo, tazama mkondo. Anayevuka hujifikisha ng'ambo mwenyewe. Anayevusha amebeba roho za wengine. Dereva mwenye abiria asiseme "navuka". Aseme "navusha", na aujue uzito wa neno hilo.