Mkono Utakaoivaa Pete

Vijana wanaponunua pete ya uchumba huuliza kwanza ukubwa wa almasi. Ni wachache wanaouliza almasi hiyo imeshikwaje. Kwa karne nyingi masonara wa Ulaya walikizungushia kito ukingo wa dhahabu, na mara nyingi wakakiziba hata kwa nyuma. Kito kilikaa salama, lakini mwanga ulikifikia kwa shida. Mwaka 1886 kampuni ya Tiffany ya New York ilitoa pete yenye makucha 6 yaliyoiinua almasi juu ya pete yenyewe. Mwanga ukapita pande zote, jiwe likametameta, na mtindo huo ukaenea duniani.

Hata hivyo makucha hunasa nguo, nayo husagika kadiri miaka inavyopita. Yakilegea, almasi hudondoka na mwenyewe asijue. Kwa mwanamke anayefua, anayelima au anayekanda unga kila siku, ukingo ule wa kale ungali bora, ijapokuwa mng'ao wake ni mdogo. Pete huonyeshwa watu siku moja, kisha huvaliwa miaka 40. Basi mchumba na autazame mkono kwanza, ndipo achague pete.