Sonona kwa mgonjwa mahututi: tiba inayohitaji haraka

Mwaka 1952, katika hospitali ya Sea View iliyopo Staten Island, New York, wagonjwa wa kifua kikuu waliokwishakatiwa tamaa walianza kupewa dawa mpya. Mojawapo, iproniazid, ilileta jambo ambalo madaktari hawakulitarajia: wagonjwa walichangamka, wakapata hamu ya chakula, na wengine wakacheza dansi wodini.

Mwaka 1957 daktari Nathan Kline wa New York alieleza kuwa dawa hiyo yaweza kutibu sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito isiyoondoka. Mwaka huo huo Roland Kuhn wa Uswisi alichapisha matokeo ya dawa nyingine, imipramine.

Hivyo, sehemu ya tiba ya sonona ilichipuka miongoni mwa watu waliokuwa wakikabili kifo. Hata hivyo, dawa za aina hiyo huchukua wiki kadhaa kabla ya kuleta nafuu, na mgonjwa mahututi huenda asizipate wiki hizo.

Kikwazo cha pili kilikuwa fikra. Wengi waliamini kwamba huzuni ya anayekaribia kufa haihitaji tiba. Cicely Saunders, aliyefungua hospisi ya St Christopher's mjini London mwaka 1967, alifundisha kuwa maumivu ya mwili, ya nafsi, ya kijamii na ya kiroho ni mzigo mmoja. Kulia kwa kuagana na uhai ni jambo la kibinadamu. Lakini kujiona hufai kitu, na kutofurahi hata unapomwona mjukuu, huweza kuwa dalili za maradhi.

Kwa kukosa muda, madaktari waligeukia methylphenidate, dawa ya kuchangamsha ambayo huweza kufanya kazi kwa siku chache, ingawa matokeo ya utafiti yanatofautiana. Mwaka 2000, watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale waliripoti kuwa ketamine, dawa ya usingizi inayotumika katika upasuaji, ilipunguza sonona ndani ya siku 3 kwa kikundi kidogo cha wagonjwa, ambao hawakuwa mahututi. Mwaka 2016, tafiti mbili za Marekani zilionyesha wagonjwa wa saratani wakipata nafuu upesi kwa psilocybin, kemikali itokanayo na uyoga, wakisaidiwa na washauri nasaha.

Hakuna hata moja kati ya dawa hizo inayoahirisha kifo. Zinachoweza kurejesha ni siku chache za utulivu ambamo mgonjwa huacha wasia, huombana radhi na jamaa zake, na kuaga akiwa na moyo mkunjufu.