Habari za Chandarua katika Bonde la Kilombero na Kwingineko

Katika kitabu hiki cha jubilei wenzetu wameeleza habari za makanisa na za shule. Sisi tumepewa kueleza habari za kitu kilicho kidogo machoni, nacho ni chandarua. Maana kwa ajili yake Serikali, wataalamu, wenye viwanda na wenye maduka walifanya shauri moja, jambo lisilotokea mara nyingi.

Watu wa bonde la Kilombero waijua sana homa ya malaria. Wakati wa mvua, maji yakifunika mbuga, wakulima wa mpunga huhamia mashambani na kulala vibandani, na mbu wa huko hawahesabiki. Waliokufa zaidi ni watoto wachanga. Walakini chandarua kilikuwa kitu cha wenye mali.

Hata mwaka wa 1996 wataalamu wa kituo cha Ifakara, ambacho asili yake ni maabara ya Profesa Rudolf Geigy wa Basel iliyoanzishwa mwaka wa 1957, wakaanza kazi katika wilaya za Kilombero na Ulanga. Hawakugawa vyandarua bure. Waliviuza kwa jina la Zuia Mbu, pamoja na dawa ya kuvichovya. Wauzaji walikuwa watu wa vijiji vile vile: wenye maduka, wakubwa wa vijiji, watumishi wa zahanati, hata mapadre. Padre kuwa muuzaji si desturi. Lakini sisi hatuoni aibu yo yote katika biashara ile. Hapo kwanza, katika kila watoto wachanga 100, waliolala chini ya chandarua chenye dawa hawakufika 10. Baada ya miaka 3 wakazidi 50. Na hesabu zilizochapishwa mwaka wa 2001 zilionyesha kwamba kati ya watumiaji wa vyandarua vile, vifo vya watoto wa tangu mwezi 1 hata miaka 4 vilipungua kwa 27 katika 100.

Serikali ilipoyaona hayo, mwaka wa 2004 ikaanzisha Hati Punguzo, kwa fedha za Mfuko wa Dunia. Mama mjamzito akifika kliniki alipewa hati. Akaenda nayo dukani, ikahesabiwa kuwa sehemu ya bei, naye akaongeza kilichobaki. Mwenye duka akaipeleka kwa muuzaji wa jumla, nayo ikapanda hivyo hata kumfikia mwenye kiwanda, akalipwa. Kufika mwaka wa 2006 hati zilikuwa zimeenea Tanzania Bara yote. Huko Arusha, kiwanda cha A to Z kilikuwa kimekwisha pata kwa kampuni ya Sumitomo Chemical ya Ujapani ufundi wa kutia dawa ndani ya uzi wenyewe, hata chandarua kisihitaji kuchovywa tena.

Basi, shauri hili lilikuwa na kidonda chake, wala si haki kulificha. Kile kilichobaki cha kuongezwa kilikuwa kidogo kwa mke wa karani, lakini kwa mke wa mkulima asiye na kitu, kabla ya mavuno, kilikuwa kikubwa. Yeye alirudi nyumbani na hati mkononi, ikakaa pale bila faida. Na kijiji kisicho na duka lenye vyandarua, hati ilikuwa karatasi tu. Ndiyo maana wale waliohitaji zaidi ndio waliozitumia kwa uchache. Mwaka wa 2009 nyongeza ikawekwa kuwa shilingi 500 tu, na katika miaka ile ile Serikali na wafadhili wakagawa vyandarua bure.

Mwaka wa 2014 hati zikakoma. Wenye maduka, waliozoea kuagiza vyandarua hata vijijini, wakaona wanunuzi wamepungua, maana nani atanunua kitu apewacho bure? Hivyo njia ile ya biashara, iliyojengwa kwa jasho la miaka mingi, ikadhoofika, nasi tunasikitika. Lakini yule mama asiyekuwa na shilingi 500 alipata chandarua chake.