Kutoka Kodi ya Nyumba hadi Tokeni: Ofisi ya Madai Pande Mbili za Ruvuma

Mute ni kijiji cha wilaya ya Palma, kusini mwa mto Ruvuma. Kuanzia 1891 hadi 1929 nchi yote kati ya Ruvuma na Lurio ilikuwa chini ya kampuni ya Kireno, Companhia do Niassa, ambayo ilitegemea sana kodi ya nyumba. Mkusanyaji alihesabu vibanda, na asiyelipa alitolewa kazi za shuruti. Wengi walivuka mto na kuhamia Tanganyika. Insha hii inahusu ankara za umeme, lakini nimeanza na kodi kwa sababu swali ni lile lile: ofisi inamdai nani, na inamwamini nani alipe baadaye?

Leo Msumbiji, chini ya shirika la EDM lililoundwa 1977, mteja wa kawaida hununua umeme kabla ya kuutumia, kwa mfumo wa Credelec. Ng'ambo ya mto ni hivyo hivyo, na huko historia yake ni rahisi zaidi kuifuata.

Zamani TANESCO iliuza umeme kwa mkopo. Msoma mita alipita nyumba kwa nyumba akiandika namba, ofisi ikatoa ankara, mteja akapanga foleni kulipa, na asipolipa akaja fundi wa kukata. Kila hatua ilikuwa na mlango wa udanganyifu. Msomaji aliweza kukadiria akiwa amekaa kivulini, au kupunguza namba kwa makubaliano. Wapo waliounganisha waya kabla ya mita, na vishoka, mafundi wasio wa shirika, walijua jinsi ya kurudisha umeme uliokatwa.

LUKU, yaani Lipa Umeme Kadiri Utumiavyo, iliingia miaka ya 1990 na kumwondoa msomaji. Ujanja wake uko kwenye tarakimu 20 za tokeni. Ndani yake mna muda, uliohesabiwa kwa dakika tangu 1 Januari 1993, na mita hukumbuka tokeni iliyokwisha kuingizwa. Haiikubali mara ya pili, wala haikubali tokeni ya mita ya jirani. (Hesabu hiyo ya dakika ilikuwa ijae 24 Novemba 2024, ndiyo maana wateja walitakiwa kuingiza tarakimu za ziada ili mita zao zisigome.) Wizi wa waya haukuisha, ila udanganyifu wa karatasi ulikosa pa kushika.

Hata hivyo, mfumo huu ulimfunga zaidi mtu mdogo. Mwenye chumba kimoja alinyimwa mkopo wa hata siku moja, huku taasisi za umma zikiendelea kudaiwa. Machi 2017 Rais Magufuli, akiwa Mtwara, jirani kabisa na Palma, aliiagiza TANESCO iwakatie wadaiwa wote, hata kama ni Ikulu. Deni lililotajwa sana lilikuwa la Zanzibar, zaidi ya shilingi bilioni 120. Kwa maoni yangu, agizo hilo lilikuwa ungamo: ofisi iliyoweza kumzimia taa mama ntilie kwa kukosa shilingi 1,000 ilihitaji sauti ya rais ili kumgusa mdaiwa mkubwa. Sidhani hilo ni kosa la mita. Ni sera.

Kisha, Agosti 2021, kodi ya majengo ilianza kukatwa kupitia LUKU: wakati huo shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, 5,000 kwa kila sakafu ya ghorofa. Mita ikawa mkusanyaji asiyelala, anayehesabu nyumba bila kubisha hodi, na safari hii hakuna mto wa kuvuka. Kisheria mlipaji ni mwenye nyumba. Anayeingiza tokeni mara nyingi ni mpangaji, na kwa viwango vile vya 2021, aliponunua umeme wa shilingi 2,000 mwanzoni mwa mwezi, nusu ilikuwa imekwisha kuondoka kabla uniti hazijasomeka.