Kiswahili Kilipoghaniwa Pamoja na Jazi

Mnamo mwezi wa Novemba mwaka 1960, mwaka ambao nchi 17 za Afrika zilijipatia uhuru wake na Tanganyika ingali ikingoja zamu yake, wapigaji mashuhuri wa jazi walikusanyika studioni katika jiji la New York kurekodi santuri ambayo mtungaji wake, mpiga piano Randy Weston, aliipa jina la Uhuru Afrika. Katika ufunguzi wake husikika mughani, naye ni Tuntemeke Sanga wa Tanganyika, ambaye baadaye alikuwa mbunge nchini mwetu. Na shairi alighanilo juu ya mlio wa ngoma, lililotungwa na Langston Hughes wa Marekani, limevikwa maneno ya Kiswahili.

Tukio hilo lina asili ndefu. Hughes, katika diwani yake ya kwanza, The Weary Blues, iliyochapishwa mwaka 1926, alikuwa amekwisha kuleta ndani ya ushairi kanuni ya blues, nyimbo za majonzi za Wamarekani Weusi, ambazo aghalabu mstari wake wa kwanza hurudiwa mara ya pili, kisha wa tatu ukaja kuijibu ile miwili. Mwaka 1957 Kenneth Rexroth na Lawrence Ferlinghetti walighani mashairi yao pamoja na bendi ya jazi katika klabu ya The Cellar, mjini San Francisco, na kazi yao ikatolewa katika santuri. Mwaka 1958 Hughes naye akarekodi yake, upande mmoja akifuatana na muziki wa Leonard Feather, na upande wa pili akifuatana na mpiga besi Charles Mingus na wenzake.

Msikilizaji aliyelelewa kwa tenzi za mwambao yampasa alitege sikio lake kwa namna nyingine anaposikiliza santuri za aina hii. Kwetu utenzi una mahadhi yake, na mahadhi ndiyo yabebayo maneno tangu ubeti wa kwanza hata wa mwisho, vina na mizani vikiyalinda yasipotee. Katika jazi mshairi haimbi; husema kama asemavyo mtu mwenye hekima barazani, kwa kasi aitakayo na kwa vituo avitakavyo, na katika kila kituo ala hupata wasaa wa kumjibu, kumsadiki, au hata kubishana naye. Kwa hiyo kimya baina ya mistari kina kazi kama maneno yenyewe, na asikilizaye maneno peke yake, akaziacha ala, amepata nusu tu ya shairi.

Na Kiswahili hakikuingia katika Uhuru Afrika kwa bahati. Weston alieleza kwamba aliwauliza Waafrika waliokuwapo Umoja wa Mataifa ni lugha ipi ifaayo kulisemea bara zima, wakamjibu kuwa ni Kiswahili. Ndipo sehemu za muziki wake zikaitwa Uhuru Kwanza, Bantu na Kucheza Blues. Melba Liston, mwanamke hodari wa tromboni, ndiye aliyezipanga sauti za bendi hiyo kubwa, ambamo Babatunde Olatunji wa Nigeria na Candido Camero wa Cuba walipiga ngoma pamoja na Max Roach. Serikali ya makaburu wa Afrika Kusini iliipiga marufuku santuri hiyo, jambo linalodhihirisha kwamba wadhalimu waliufahamu ujumbe wake.

Uhusiano wetu na sanaa hii haukuishia hapo. Kundi la The Last Poets, lililoasisiwa Harlem mwaka 1968, na ambalo wengi hulihesabu miongoni mwa wazazi wa muziki wa rapu, lilichukua jina lake kutokana na shairi la Keorapetse Kgositsile, mshairi wa Afrika Kusini aliyeishi uhamishoni. Kgositsile huyo alipata kuandikia jarida la Spearhead mjini Dar es Salaam mwanzoni mwa miaka ya sitini, na katika miaka ya sabini alirejea kufundisha katika Chuo Kikuu cha mji huo.

Naona haya ni amana ambayo tumeiacha mikononi mwa wengine muda mrefu mno. Vituo vyetu vya redio na viipige Uhuru Afrika katika sikukuu zetu za uhuru, walimu wa fasihi na waisikilizishe madarasani, na washairi wetu wenye sauti na wapigaji wetu wa dansi na taarabu na waingie studioni pamoja. Lugha iliyochaguliwa kulisemea bara zima mwaka 1960 haikosi leo wenye uwezo wa kuighani. Linalotakiwa ni azma yao na masikio yetu.